Amri ya Bibi kwa Mwenye Mishale

Nilipokuwa mtoto, bustani ya bibi yangu kule Ngulyati ilikuwa na wanyama wanne wasioitwa kwa majina yao. Tumbili waliitwa wajomba, kwa sababu huja bila taarifa na kula kama wako kwao. Panya alikuwa mwenye nyumba. Ndege wadogo wanaoshuka kwa makundi kwenye mtama walikuwa wageni wa juu. Na nungunungu, ambaye bibi alimchukia kuliko wote, aliitwa mwenye mishale. Tangu siku ya kwanza ya kuinua matuta hadi siku ya kuvuna, hakuna aliyeruhusiwa kutamka jina halisi la yeyote kati yao akiwa bustanini au karibu na ua wake. Bibi alisema ukimtaja anasikia, na akisikia anadhani ameitwa.

Nina watoto wanne sasa, na siku yangu huanza kabla ya jua na kuisha nikisinzia na sahani mkononi. Sina muda mwingi wa kukumbuka mambo. Hili nalikumbuka kwa sababu nililifanya mimi.

Nilikuwa darasa la nne. Baba na mama walikuwa wamehamia upande wa Mwandoya kulima pamba, wakatuacha kwa bibi mimi na mdogo wangu Minza ili tusikatishe shule. Bibi, mama yake baba, alikuwa mjane mwembamba mwenye sauti kubwa. Bustani yake ilikuwa nyuma ya nyumba, ikiteremka hadi ukingo wa korongo, mahali ambapo udongo hubaki na unyevu hata mvua ikishakatika. Alipanda viazi vitamu kwenye matuta marefu, maboga upande wa chini, kunde, na mtama kidogo. Viazi ndivyo vilivyokuwa chakula chetu hasa. Vikivunwa tulivimenya, tukavikata vipande, tukavianika juu ya mwamba hadi vikawa michembe mikavu ya kugonga kama kokoto, na hiyo michembe ndiyo iliyotakiwa kutuvusha kiangazi.

Mwaka uliotangulia haikutuvusha. Mwenye mishale alikuja viazi vikiwa vimeanza kunenepa, akafukua tuta baada ya tuta, na katikati ya kiangazi vyungu vikawa vitupu. Bibi akaenda kuhemea, yaani kutafuta chakula kwa watu, hadi Nyalikungu kwa ndugu yake wa mbali. Alirudi na nusu debe la mtama kichwani na maneno yote aliyopewa pamoja nalo. Maneno hayo hakutusimulia. Lakini aliposonga ugali wa ule mtama nilimsikia akiiambia sufuria, "Mwakani siendi kwa mtu."

Kwa hiyo mwaka ule alijenga ua wa kweli. Alichimbia vigingi, akaviunganisha na matawi ya mgunga yenye miiba, akayasukuma chini hadi yakazama kwenye udongo ili mnyama asipite kwa tumbo. Kila jioni, jua likiwa bado lipo, aliuzunguka ua wote akiwa kimya kabisa. Hasalimii mtu, haitiki akiitwa. Jirani akipita njiani na kusema "Mwadila, mayu," anapita na salamu yake. Nilidhani ule mzunguko ni uganga. Huenda ulikuwa.

Viazi vilipoanza kupasua matuta, goti la bibi likavimba, akawa anatembea kwa kuegemea kuta. Akanikabidhi mimi kazi ya kuzunguka ua.

"Kimya," aliniambia. "Na usimtaje mtu."

Kwa "mtu" alimaanisha nungunungu.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kuandika matangazo. Tuliandika USIPITE HAPA. Tuliandika MBWA MKALI. Tuliandika MARUFUKU KUKOJOA HAPA, na hilo tulilipenda sana hata mwalimu akalifuta ubaoni. Alisema tangazo likiandikwa vizuri hufanya kazi ya askari. Mimi nilikuwa mtoto wa kuamini walimu. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba bibi ana ua na miiba na mwiko, lakini hana tangazo.

Nilichukua ubavu wa boksi la sabuni na kipande cha mkaa, nikaandika kwa herufi kubwa:

NUNGUNUNGU MARUFUKU KUINGIA. KWA AMRI YA BIBI.

Minza alikuwa amechuchumaa pembeni, akinitazama. Alikuwa darasa la kwanza na alishajua kusoma kwa kuunganisha silabi. Alisogeza midomo, akafika mwisho, akafumba mdomo kwa kiganja.

"Umemtaja!"

"Sijamtaja. Nimemwandika."

"Si ni kilekile."

"Wewe umesikia sauti yoyote?"

Minza alifikiri. Alikuwa mtoto wa haki. "Hapana," akasema.

"Basi."

Kilichobaki kilikuwa mti wa kusimamishia tangazo. Nilitafuta nyuma ya jiko, sikupata kilichonyooka. Nikaenda upande wa chini wa bustani, kule kwenye maboga ambako mtu akiwa nyumbani haoni, nikang'oa kigingi kimoja cha ua. Matawi yaliyokuwa yamefungwa pale yalilegea, nikayasukuma kwa mguu yakasimama tena. Kwa macho yangu yalionekana sawa. Nikapigilia boksi langu kwa misumari miwili, nikalisimamisha katikati ya viazi, nikarudi nyuma hatua chache kulitazama. Hadi leo sijui kama nimewahi kuandika kitu kilichonyooka vile.

Bibi aliniuliza, "Ua uko salama?"

"Uko salama," nikasema.

Asubuhi matuta mawili yalikuwa yamefukuliwa. Viazi vilikuwa vimeng'atwa na kuachwa, kingine nusu, kingine robo, kama mtu aliyekuwa akionja tu. Bibi alikuja akijikokota na goti lake, akasimama. Hakupiga kelele, na bibi asipopiga kelele ujue mambo ni mazito. Aliokota kiazi kilichong'atwa, akakigeuzageuza, akakiweka kwenye kanga yake. Kisha akaliona boksi.

"Hii nayo nini?"

"Tangazo. Tumefundishwa shuleni."

"Linasema nini?"

Bibi hakujua kusoma. Nilikuwa nimelitegemea hilo jana yake, na sasa niliona nililolitegemea linavyonitazama usoni.

"Linasema... Bustani ya Bibi."

Uso wake ulilainika. Pale pale, kati ya matuta yaliyofumuliwa, alinyoosha mkono akalifuta boksi vumbi kwa ncha ya kanga. "Bustani ya Bibi," akasema polepole. "Limekaa vizuri. Liache hapo."

Likaachwa hapo. Usiku uliofuata yakaenda matuta matatu mengine.

Nimezaa watoto wanne, nimezika baba, nimelala chini kwenye wodi ya wazazi kwa kukosa kitanda. Bado nikitaka kujua aibu inafananaje, nakumbuka bibi akifuta vumbi kwenye lile boksi.

Asubuhi ya pili alituita mimi na Minza mbele ya jiko.

"Kuna mtu amemtaja," alisema. "Ua ni mzima. Nimeujenga kwa mikono yangu. Huyu hakuja mwenyewe, ameitwa. Nani?"

Minza alinitazama. Mimi nikatazama kuku.

"Si mimi," akasema Minza, kwa sauti ya mtu anayetaka aulizwe swali la pili. Bibi hakumuuliza. Alisema kwamba kama hatusemi sisi, watasema watu wa Jilala, akamwagiza mpita njia apeleke ujumbe.

Mzee Jilala alikuwa kiongozi wa kikundi cha wawindaji ambao kwetu huitwa banunguli. Kazi yao ilikuwa moja: kuwatoa nungunungu mashimoni. Hawakusubiri nje na mitego. Mtu aliingia mwenyewe shimoni, kichwa mbele, na kamba mguuni, na akimfikia mnyama wanawavuta wote wawili. Walikuwa na nyimbo zao, dawa zao, na miiko mingi kuliko ya bibi. Siku hizi ukisumbuliwa na mnyama unaanzia ofisi ya kijiji, unaandika barua, unasubiri. Zamani ulimtumia Jilala ujumbe na kesho yake yuko kwako.

Alifika Jumamosi asubuhi na wanaume watatu, njuga zikilia miguuni kwao.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, bhabha. Karibuni. Nimekwisha."

"Hujaisha. Umbea tumeusikia njiani, sasa tupe ukweli. Matuta mangapi?"

"Matano."

Jilala akaguna. Alikuwa mzee mrefu mwenye kovu la mwiba wa nungunungu shavuni, na alitembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Hakuzunguka bustani. Alikwenda moja kwa moja upande wa juu, kwenye shimo la zamani chini ya mwamba, ambako kikundi chake kiliwahi kumtoa mnyama miaka ya nyuma. "Hurudi kwenye nyumba ya baba yao," alisema. Aliyekuwa wa kuingia aliitwa Malimi, mwanaume mfupi mwenye mabega membamba, mcheshi. Alivua shati, akabaki na kaptura, wakamfunga kamba kwenye kifundo cha mguu. Alimwambia Minza, "Nikichelewa, ule ugali wangu. Nikiwahi, nitakula wako."

Minza hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Ndipo Jilala akatuita watu wa nyumba. Ilikuwa desturi yao kwamba hakuna anayeingia shimoni kabla watu wa bustani hawajaapa. Unachota udongo wa mdomo wa shimo kwa vidole viwili, unauweka kwenye ulimi, na unasema, "Mdomo wangu ni safi." Maana yake hujamtaja mnyama kwa jina. Mtu akiingia chini ya ardhi nyuma ya kiapo cha uongo, alisema Jilala, hatoki na macho yake.

Alilisema hilo bila kututisha, kama dereva anavyosema breki hazishiki. Malimi alikuwa ameshapiga magoti. Niliona nyayo zake, nyeupe kwa nyufa, na ile kamba. Alikuwa na mke na watoto, na mmoja wao nilikaa naye dawati moja.

Bibi akaapa. Minza akaapa, akatema udongo na kukunja uso. Nikachota wangu.

"Mdomo wangu ni safi," nikasema.

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililonishangaza: kwamba kila neno lilikuwa kweli na nilijua kabisa kwamba nadanganya. Jilala akageuka kwa Malimi. Malimi akainama.

"Lakini mkono si safi," nikasema.

Jilala akageuka tena. "Mkono?"

"Mkono ndio umemtaja."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa Minza, ambaye alipumua kama mtu aliyetua ndoo. Nikanyoosha kidole kwenye boksi langu katikati ya viazi. Mmoja wa wale wanaume aliyekuwa amesoma alikwenda, akainama mbele yake, akasoma midomo ikicheza bila sauti. Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Alikaa chini kabisa kwenye tuta.

"Mayu," akasema aliposhika pumzi. "Kumbe umemwandikia amri."

"Nani? Mimi?"

"Imeandikwa hapa. Amepigwa marufuku. Kwa amri yako."

Bibi aliniangalia. "Uliniambia linasema Bustani ya Bibi."

"Bibi yumo," nikasema, kwa sauti ndogo.

Wanaume walicheka, bibi hakucheka. Malimi naye hakucheka. Aliinuka, akajifuta magoti, akasema, "Nyie chekeni. Ninayeingia ni mimi. Nataka kujua kuandika ni kutaja au si kutaja."

Walijadiliana pale pale kama baraza. Yule aliyesoma alisema mnyama hajui herufi. Mwingine akamuuliza kama hajui, matuta matano yameliwa na nani. Jilala aliwaacha wakaongea hadi wakachoka, kisha akachuchumaa mbele yangu hadi macho yetu yakalingana. Nilitegemea kofi.

"Kilichoandikwa kinafutika," alisema. "Utakifuta wewe uliyeandika. Halafu kila kitu kirudi kilikotoka. Boksi lilitoka wapi?"

"Jikoni."

"Na huu mti?"

Tangazo lilikuwa la kuchekesha. Kigingi hakikuwa cha kuchekesha.

"Kwenye ua," nikasema. "Kule chini, kwenye maboga."

Jilala akasimama. Hakuniuliza tena. Alitelemka bustani yote kwa hatua ndefu, sisi nyuma yake, bibi akinishika bega kwa nguvu za kujiegemeza na za kuniumiza kwa pamoja. Pale nilipong'oa kigingi matawi yalikuwa yamesukumwa kando, na chini yake ardhi ilikuwa laini, imesuguliwa na tumbo. Mishale miwili myeusi yenye mabaka meupe ilikuwa imenasa kwenye miiba. Jilala aliichomoa, akampa bibi.

"Hii ndiyo barabara yake," alisema. "Na ukiwa na barabara una nyumba."

Wakafuata alama nje ya ua, zikateremka ukingo wa korongo, na hazikwenda hata hatua hamsini. Kwenye ukuta wa udongo, nyuma ya vichaka, palikuwa na mdomo wa shimo jipya, udongo bado mbichi. Mwingine ulikuwa juu yake kidogo. Ule mwamba wa juu, alikokuwa amevulia shati Malimi, haukuwa na uhusiano wowote na jambo hili.

Nilifuta maandishi yangu kwa majivu na mate hadi boksi likawa jeusi lote. Nikarudisha kigingi, mmoja wao akakigongelea. Kisha Jilala akatupanga. Mdomo wa juu ukazibwa kwa mawe. Malimi akaingia kwa wa chini na mkuki mfupi, wenzake wakashika kamba. Minza akaachwa nyumbani. Mimi na bibi tuliambiwa tukae mwisho wa bustani, kwenye maboga, miguu tumenyoosha, tusijikune wala kusema neno hadi tuitwe. Bibi hakuweza kukaa chini kwa sababu ya goti, kwa hiyo nilimbebea kinu kibovu kilichopasuka, alichokuwa akikikalia wakati wa kupalilia. Akakaa juu yake, mimi nikakaa chini kando yake.

Tulikaa. Jua lilikuwa limepanda. Kutoka korongoni tulisikia nyimbo zao za chini chini, halafu ukimya, halafu sauti ya Malimi ikitoka ardhini kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Wakapiga yowe wakavuta. Mmoja. Nilimtazama bibi, hakunitazama. Nyimbo tena, ukimya tena, yowe tena. Wawili.

Ndipo jani la boga mbele yangu likatikisika.

Upepo haukuwepo. Jani likatikisika tena, udongo ukafunguka chini yake, na katikati ya maboga ya bibi kikatokea kichwa kinene chenye ndevu, na nyuma yake mishale ikigongana kama vijiko kwenye beseni. Shimo lilikuwa na mdomo wa tatu, na ulikuwa ndani ya ua. Kama siku ile isingekuwepo, nina hakika wiki iliyofuata asingehitaji hata kutumia pengo langu.

Bibi alikuwa hawezi kusimama bila ukuta. Alisimama. Alishika kinu upande mmoja, mimi nikashika upande wa pili bila kuambiwa, tukakibingirisha, tukakiangusha wima juu ya lile shimo, kichwa kikarudi ndani, na bibi akakaa juu. Kinu kikanyanyuka. Nikamrukia bibi mapajani. Kinu kikatua. Kikanyanyuka tena upande mmoja, tukaegemea upande huo. Kwa chini yetu alikuwa akikwaruza, akinguruma, akipiga mishale kwenye kinu, na bibi yangu, aliyetufundisha kwa miaka kunyamaza, alifungua mdomo wake akapiga kelele iliyosikika hadi barabarani:

"Nungunungu! Nungunungu huyu hapa! Njooni, nimemkalia nungunungu!"

Wanaume walipanda ukingo mbio, Malimi mbele na kamba bado mguuni, mwili mzima vumbi. Walitutoa juu ya kinu kwa kutunyanyua wote wawili. Sikuona walivyommaliza kwa sababu bibi alinifunika uso na kanga, lakini nilipofunuliwa alikuwa amelala pale, dume kubwa, limenenepa kwa viazi vyetu. Jilala alisema hajaona la ukubwa ule upande wetu wa Bariadi.

"Mayu," akasema Malimi, akihema, "na mwiko je? Umemtaja mara tatu."

Bibi alikuwa anarekebisha kanga. "Hatajwi asije akasikia," akasema. "Huyu nilikuwa nimemkalia. Angesikia nini?"

Malimi alicheka hadi akashika kamba yake mwenyewe. Siku ile walipiga ngoma uani kwetu, watu wakaja na wasioalikwa, nyama ikagawanywa, na bibi akacheza kwa mguu mmoja akishikilia ukuta wa jiko. Mimi sikuulizwa tena habari ya boksi. Minza ndiye aliyelisimulia kwa kila aliyefika, na kila mara amri ya bibi iliongezeka maneno, hadi jioni ikawa na faini na kifungo.

Kesho yake Jilala alituma watu wawili waje kuziba mashimo yote ili yasipate wapangaji wengine. Wakaanza na lile la chini ya mwamba. Walipotupa jiwe la kwanza, swila alitoka, akainua shingo, akatema sumu hatua tatu hewani, akapotea kati ya mawe. Ni nyoka anayelenga macho. Waliohadithiwa walishika vichwa. Bibi alisikia akiwa anachambua kunde. Hakusema "nilikuambia," ingawa hakuwa mtu wa kujinyima neno hilo. Aliendelea kuchambua kunde, na baada ya muda akasogea kidogo kwenye mkeka ili nipate pa kukaa.

Nimeligeuza jambo hili mara nyingi, hasa nikiwa bustanini kwangu. Ninaishi pembezoni mwa mji wa Bariadi, nina viazi, nyanya na mahindi kiasi, na nina tumbili, panya, na wale viwavi wanaotoboa mahindi. Nimesoma hadi kidato cha nne na najua nungunungu haitiki akiitwa. Aliingia kwa sababu niling'oa kigingi. Lakini najua pia kwamba bibi angezunguka ua siku ile kwa mdomo uliofungwa na macho yaliyofunguka, angeliona pengo kabla jua halijazama. Mimi nilizunguka nikiimba moyoni sifa za tangazo langu. Ule mwiko ulikuwa unamfanya mtu atazame. Binti yangu mkubwa alipopiga picha nyanya zetu na kuziweka kwenye simu dunia nzima ione, nilinyamaza, nikaenda kuzunguka ua. Nikakuta mahali pawili pa kurekebisha.

Kuhusu swila sina maelezo. Nyoka hukaa mashimoni, hilo halihitaji uchawi. Lakini ningenyamaza, Malimi angeingia pale kichwa mbele, na kila mtu mle bustanini alilijua hilo bila kulisema.

Kinachonikaa zaidi si nyoka. Ni kwamba watu wazima watano walisimama wakamngoja mtoto wa darasa la nne amalize kusema ubaya wake, na alipomaliza hawakumpiga, walikwenda pale alipoonyesha, na pale palikuwa ndipo. Watoto wangu wakivunja kitu najitahidi kuuliza swali la Jilala: hiki kilitoka wapi? Sifaulu kila siku. Nikiwa nimechoka, kofi hutangulia.

Viazi vilivyobaki tulivivuna vyote. Tulianika michembe juu ya mwamba, mimi na Minza tukiwafukuza kuku na wajomba, na bibi akaijaza vyungu na kuvifunga midomo kwa udongo na majivu. Kiangazi kikaja kirefu na kikavu. Tulikula asubuhi michembe na karanga, jioni michembe na mlenda, hadi Minza akalia kwamba amekuwa mchembe mwenyewe. Bibi hakwenda Nyalikungu, wala hakubisha hodi kwa mtu. Mvua ya kwanza iliponyesha ilitukuta na chungu kizima ambacho hatukuwa tumekifungua.